Re: Oscar Tshiebwe ni namba nne au namba tano?

Mkuu, umeuliza kama Oscar, yule mcheza kikapu Mkongo, angefika mbali zaidi akichezeshwa namba nne (mchezaji mrefu anayecheza pia mbali kidogo na kikapu). Mimi nasema hapana, yule ni namba tano tupu, yaani senta, jitu la chini ya kikapu.

Pale Chuo Kikuu cha West Virginia, Marekani, kocha Bob Huggins alimpanga pamoja na Derek Culver, majitu mawili chini ya kikapu kimoja. Oscar, kijana wa Lubumbashi, bado alivuna ribaundi (mipira iliyokosa kikapu na kudakwa) zaidi ya 9 kwa mechi msimu wake wa kwanza, ila nafasi ilikuwa finyu, kila akigeuka anakutana na bega la mwenzake. Januari 2021 akaondoka. Ajabu ni kwamba Huggins naye baada ya hapo alianza kutawanya wachezaji wake uwanjani.

Alipohamia Chuo Kikuu cha Kentucky, kocha John Calipari alimwachia eneo lote. Msimu wa 2021/22 alimaliza na wastani wa pointi 17.4 na ribaundi 15.1, akawa mchezaji bora wa vyuo Marekani. Hata siku walipotolewa na chuo cha Saint Peter's kwenye mashindano ya vyuo (bado inauma!) alikuwa na pointi 30 na ribaundi 16. Mwangalie anavyofanya mpira ukiwa bado hewani: anageuka, anamsukuma beki kwa makalio, ndipo anaruka.

Tatizo ni urefu. Futi 6 na inchi 9 kwa senta wa NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani, ni kidogo, na kutupa kutoka mbali hajawahi kuwa nako. Ndiyo maana 2023 hakuchaguliwa kwenye drafti, pale timu za NBA zinapochagua vijana wapya. Namba nne wa leo asiyefunga pointi tatu kutoka mbali, nani atahangaika kumkaba?