Okoa mafaili kwanza

Pole sana mdogo wangu. Umesema uliandika sudo chmod -R 777 / (yaani, kwa mamlaka ya mkuu wa mfumo, mpe kila mtu ruhusa zote kwenye / na vyote vilivyo ndani yake) ili folda ya picha ifunguke, na sasa sudo, amri ya kuomba mamlaka hayo, yenyewe inagoma. Huo mkwaju (/) peke yake ni mzizi, yaani folda ya juu kabisa, wa mfumo mzima wa Linux, siyo folda yako. Sudo hufanya kazi kwa sababu faili lake lina alama ya kuendeshwa kwa mamlaka ya mkuu wa mfumo. 777 imeifuta, na maelfu ya mafaili mengine yamepoteza ruhusa zake sahihi. Usihangaike kuyarudisha moja moja, utamaliza wiki.

Picha zako bado zipo, hilo lisikutishe. Washa kompyuta kwa flashi yenye Ubuntu (aina moja ya Linux), chagua kujaribu bila kusakinisha, hamishia kila kitu kwenye diski ya nje. Kisha sakinisha upya. Hapa Kigoma umeme unaweza kukatika katikati ya kazi, kwa hiyo jaza betri kabisa kabla hujaanza.

Siku nyingine folda ikikataa, angalia mmiliki kwa amri ya ls -l. Mara nyingi chown, amri ya kubadilisha mmiliki, kwenye folda hiyo tu inatosha.