Orodha ya alama haitamwokoa mwanao

SWALI: Mwanangu ana miaka 16. Amenunua fulana yenye namba 88 na anasema ni mtindo tu. Nitapata wapi orodha kamili ya nguo za mrengo mkali wa kulia, nizitoe zote kabatini mwake?

JIBU: Mama, umefanya vizuri kushtuka. H ni herufi ya nane, kwa hiyo kwa watu hao 88 ni “Heil Hitler”, salamu ya Kinazi. Lakini 88 ni mwaka wa kuzaliwa wa watu wengi pia, na ni namba ya mchezaji. Fulana moja haimtii mtu hatiani.

Orodha kamili haipo, na anayekuuzia anakula pesa yako bure. Ujerumani ina kifungu cha 86a cha sheria ya jinai kinachokataza alama za Kinazi. Nembo ya Thor Steinar, chapa ya nguo inayopendwa na mrengo huo, ilipokwama mahakamani mwaka 2004, kampuni ilibuni nembo nyingine na biashara ikaendelea. Kuna chapa nyingine ya nguo, Consdaple: ukiliandika kifuani na kuacha jaketi wazi nusu, katikati zinabaki herufi NSDAP, chama cha Hitler. Baadaye vijana wao wengi waliacha vipara na mabuti, wakavaa nyeusi tupu kama mahasimu wao wa mrengo wa kushoto. Orodha gani itawakamata hao?

Kinachonikera zaidi ni ushauri wa kunyang'anya na kuchoma. Kundi limeshamwambia kijana kwamba nyumbani hawamwelewi, nawe unakwenda kulithibitishia. Fulana iache. Mkiwa wawili tu, muulize nani alimwonyesha duka, na nani alimsifia siku ya kwanza alipoivaa. Sifa hiyo ndiyo aliyoinunua. Mueleze pia pesa yake imekwenda kwa nani, maana maduka mengine ya namna hii ni mifuko ya harakati zenyewe.

Mwaka 2011 EXIT-Deutschland, shirika la Ujerumani linalowasaidia watu kujitoa kwenye makundi haya, waligawa fulana 250 za fuvu kwenye tamasha la mrengo huo mjini Gera. Zilipofuliwa, picha ilitoka ukabaki ujumbe: kilichowezekana kwa fulana yako kinawezekana kwako pia, tutakusaidia kutoka. Hawakumtukana mtu. Walimfikishia mkono hadi nyumbani kwake.

Kampuni nazo zina wajibu. Mwaka 2020 kampuni ya nguo ya Fred Perry ilitangaza kuwa imeacha kuuza Marekani na Kanada fulana yake nyeusi yenye mistari ya njano, kwa sababu Proud Boys, kundi la mrengo mkali wa kulia, walikuwa wameigeuza sare. Ilikuwa hatua ya heshima, ila kundi linaweza kuhamia rangi nyingine kesho.

Ndiyo maana nasikitika shule zinapolipia semina ya siku moja na bango la alama ukutani. Wanafunzi hujifunza pale alama ambazo hawakuwa wakizijua, na mwezeshaji huondoka na bahasha yake. Mkiitwa kwenye semina kama hiyo, ulizeni kwanza: kijana akitaka kutoka usiku wa leo, atampigia nani simu?