Rangi na klia kwenye ndege ya rimoti ya faibaglasi: anza na mzani

Mkuu, nimelisoma swali lako. Una glaida ya umeme (ndege ya kuelea yenye mabawa marefu) ya mabawa ya mita 2, bodi na mabawa ni faibaglasi tupu kama vilivyotoka kwenye kalibu, uko Arusha, na fundi wa gereji amekuambia umpelekee aipige puti, rangi na klia kama anavyopiga bampa. Unataka kujua klia ipi, yaani ule utando wa juu usio na rangi unaoleta mng'ao, ni nzuri. Nitafika huko, ila klia ni jambo la mwisho kwenye kazi hii na ndilo jepesi kuliko yote. Ndege nyingi nilizoziona zimeharibika rangi huku Moshi na huko kwenu zilikuwa zimeshaharibika kabla kopo la klia halijafunguliwa.

Kabla ya yote tafuta mzani wa dijitali wa jikoni. Pima bodi, pima kila bawa, pima mkia, andika. Rangi ya gari, kuanzia praima (rangi ya msingi) mpaka klia, kwa kawaida ina unene wa mikroni 100 hadi 150, mikroni moja ikiwa sehemu ya elfu ya milimita. Kwenye gari hakuna anayejali. Sasa piga hesabu ya ndege yako: bawa la mita 2 lenye upana wa sentimita 20, juu na chini, ni kama mita mraba 0.8, ukiongeza bodi na mkia unafika mita mraba 1 hivi. Mikroni 50 za klia kavu juu ya mita mraba 1 ni sentimita za ujazo 50, yaani gramu 50 na kitu. Weka praima na rangi chini yake, unakaribia gramu 150, na hapo puti haijahesabiwa. Glaida ya kilo moja na nusu imeongezeka uzito kwa asilimia 10 kwa ajili ya mng'ao tu.

Tena si uzito wote ni sawa. Wa mkiani ndio mbaya zaidi. Kama mkia uko mbali na kitovu cha uzito mara tatu kuliko pua, kila gramu 10 unazopiga mkiani zinakudai gramu 30 za madini ya risasi puani ili ndege ikae sawa. Na rangi nene kwenye usukani wa mkia na eleveta (kibawa cha mkia kinachopandisha na kushusha pua) inaweka uzito nyuma ya bawaba, mahali ambapo uzito unaleta mtetemo ndege ikienda kasi. Mtetemo huo unang'oa mkia angani. Ndiyo maana nasema fundi wa bampa, hata awe hodari namna gani, lazima umweleze kwanza kwamba hapa anapiga nusu ya anachozoea, na mkiani robo.

Tuje kwenye kusafisha, na hapa naomba usinirukie. Faibaglasi ikitoka kwenye kalibu imebeba nta iliyopakwa ili isinate, na mara nyingine utando wa kuachilia unaoyeyuka kwenye maji. Kama gundi yake ni ipoksi inaweza pia kuwa na utelezi juu yake unaotokana na hadina (dawa inayochanganywa ili ikauke na kuwa ngumu), na huo hautoki kwa thina, unatoka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Kwa hiyo anza na sabuni ya vyombo na sifongo la kusugulia, suuza, kausha. Halafu futa kwa dawa ya kuondolea nta na grisi inayouzwa kwenye maduka ya rangi za magari: kitambaa kimoja kimelowa dawa, kingine kikavu kinafuata papo hapo kabla dawa haijakauka. Ukiiacha ikauke yenyewe, nta inabaki palepale, umeihamisha tu. Yote haya yafanyike kabla ya msasa. Ukianza na msasa unaisukumia nta ndani ya mikwaruzo, na kuitoa tena humo ni kazi kubwa.

Kuna jaribio la kujua kama umemaliza. Mimina maji safi juu ya bodi na uiinamishe kidogo. Maji yakitanda utando mmoja usiokatika, uso ni safi. Utando ukichanika ukaacha duara kavu katikati, au maji yakijikusanya matone, pale pana nta bado. Angalia hasa kwenye ungio la nusu mbili za bodi, chini ya pua, na pale bawa linapokaa, maana aliyepaka nta kwenye kalibu huwa anaizidisha kwenye kona. Rudia mpaka maji yatande kote. Ukipiga rangi juu ya nta au silikoni, rangi inakimbia na kuacha vishimo vya duara, na hakuna koti ya pili itakayovifunika. Kwenye gereji silikoni iko kila mahali: ile dawa ya kung'arishia dashibodi na matairi ikipulizwa upande mmoja wa banda, inatua kwenye bodi yako upande wa pili. Mwambie fundi siku ya ndege yako hiyo dawa isiguswe.

Msasa ni namba 400 wa maji. Wa maji kwa sababu mbili: vumbi la faibaglasi linawasha ngozi na halifai kabisa kuingia mapafuni, na pia maji yanakuonyesha unapokata. Lengo ni kuondoa mng'ao, basi. Ukianza kuona nyuzi za kitambaa umezidisha. Umeshakata nguvu ya ndege, na nyuzi zile zitanyonya rangi na kuonekana tena baadaye.

Kwenye ungio, puti ya gari ni nzito. Mimi natumia ipoksi iliyochanganywa na unga mwepesi wa vipira vidogo vya kioo. Ukiukosa unga huo, puti ya gari inaruhusiwa kwa utando mwembamba, na iishie mbele ya bawa. Vitundu vidogo vya hewa havionekani mpaka upige praima ya kwanza. Ukishaviona, usijaribu kuvijaza kwa kupuliza praima zaidi, praima inapita juu yake tu na kitundu kinabaki. Chukua puti laini kidogo, ikandamize ndani kwa kona ya kadi ya plastiki, kwaruza iliyobaki juu, kisha msasa.

Praima iwe ya hadina, koti mbili nyepesi. Ikikauka, ipulizie ukungu mwembamba wa rangi nyeusi ya kopo, kisha sugua kwa namba 600 juu ya kibao kilichonyooka mpaka weusi uishe. Pale weusi unapobakia ni bonde. Pale faibaglasi inapotokea kwanza ni mlima. Ukimaliza, praima nyingi iwe imekwenda na maji na iliyobaki iwe ndani ya mabonde na vitundu. Pima tena. Kama bodi imeongezeka sana, bado hujasugua.

Rangi gani? Hapa nina msimamo. Nyeupe juu, na chini ya mabawa mistari mipana ya rangi kali, bawa moja tofauti na jingine. Glaida kubwa za watu zimekuwa za faibaglasi tangu fs 24 Phönix iliporuka Ujerumani mwaka 1957, na mpaka leo nyingi ni nyeupe, kwa sababu ya joto. Ipoksi iliyokauka kwenye joto la kawaida la chumba huanza kulegea ikifika nyuzi 50 au 60 hivi. Bawa jeusi kwenye jua la saa saba mchana linafika huko bila shida, na ndani ya gari lililofungwa madirisha hapa Moshi ndiyo usiseme. Likilegea linajipinda, na nyuzi za kitambaa zinachomoza chini ya klia. Ila nyeupe tupu nayo ina balaa lake: asubuhi mawingu yakiwa yamekaa Meru, ndege nyeupe inapotelea humo na hujui inakuja au inakwenda. Mistari ya chini ndiyo inakuokoa. Nyekundu na njano hazifuniki vizuri, zipige juu ya nyeupe, la sivyo utazirundika mpaka ndege iwe tofali. Za metali zenye unga wa alumini nisingezipiga karibu na antena za risiva, kile kifaa kinachopokea mawimbi ya rimoti.

Mistari ibandikie tepu nyembamba ya plastiki, ya karatasi inavujisha. Kabla ya rangi ya mstari, puliza ukungu wa rangi ileile iliyo chini kwenye ukingo wa tepu. Kama kuna pa kuvuja, itavuja hiyo na haitaonekana. Tepu itoke rangi ikiwa bado laini, ukiivuta kwa kuikunja nyuma juu yake yenyewe.

Sasa klia. La kwanza: je, unaihitaji? Kama ndege ni ya umeme na rangi ni moja au mbili, nunua rangi ya hadina yenye mng'ao wake, piga, umemaliza, gramu 50 zimebaki dukani. Klia inakuwa lazima ukitumia rangi ya chini isiyo na mng'ao, ile inayokauka kwa thina kuondoka tu, au ya metali. Na kama siku moja utapata ndege ya injini ya methanoli, ujue mafuta yale, yenye nitromethani na oili, yanayeyusha rangi nyingi za kopo; klia ya hadina iliyokauka sawasawa inayahimili. Ya hadina pia nyingi zina kinga ya jua, jambo la maana kwenu Arusha, karibu na ikweta na mita 1,400 juu ya bahari. Ipoksi isiyofunikwa inageuka njano na kuchakaa kwa jua.

Uwiano fuata wa kopo lako, mara nyingi ni mbili kwa moja, na upime kwa kikombe chenye alama, usikisie kwa macho. Kopo la hadina lifunge mara tu unapomaliza kumimina; linanyonya unyevu wa hewa na kuharibika. Bunduki ndogo yenye tundu la milimita 0.8 au 1 inafaa zaidi kuliko ile ya kupigia milango. Toa maji yote kwenye tenki la kompresa kwanza.

Koti ya kwanza ni nyepesi, inayoshika tu. Subiri dakika 10 hadi 15. Ya pili ndiyo ya mng'ao. Simama mahali ambapo mwanga wa mlango au dirisha unaakisi kwenye bodi, na macho yako yafuate akisi hiyo, usiitazame bunduki. Nyuma tu ya pua ya bunduki utaona klia ikitua na vinundu, halafu vinajifungua na akisi inanyooka. Mkono wako uende kwa kasi ileile ambayo akisi inanyooka. Ikibaki na vinundu kama ganda la chungwa unakimbia mno au uko mbali. Ikianza kuteleza umechelewa. Sentimita 15 hadi 20 zinatosha, kila mpito ukifunika nusu ya uliotangulia. Usiongeze koti ya tatu.

Hali ya hewa ya kwetu inabadilisha kila kitu. Arusha mwezi wa 6 na wa 7 asubuhi ni baridi, klia inakaa mbichi na kukusanya vumbi. Subiri jua lipande. Masika, unyevu pamoja na thina ya haraka unaipa rangi ukungu mweupe. Moshi mchana joto linakausha klia kabla haijatanda, hivyo thina iwe ya taratibu. Sakafu imwagie maji vumbi lilale, na maliza kabla ya magharibi, maana taa ikiwaka wadudu wote wanakuja. Mdudu akitua, mwache. Utamtoa kwa msasa klia ikishakauka.

Nisikilize na hili. Hadina ya rangi hizi ina kemikali iitwayo isosayaneti. Inaleta pumu, na mwili ukishaikataa, hata kiasi kidogo sana baadaye kinakubana kifua, tena harufu haikupi onyo. Barakoa ya corona haizuii chochote. Kwa kiwango cha chini kabisa vaa barakoa ya mpira yenye vichujio vipya vya mvuke wa kemikali, glavu na miwani, upulize nje ukiwa upande upepo unakotoka. Bora zaidi ni fundi mwenye barakoa ya kuletewa hewa kwa mpira. Gereji zetu watoto wanazunguka na mafundi wanapuliza wamejifunga kitambaa puani. Kama fundi wako ni huyo, mnunulie barakoa kabla hujamlipa kazi. Ninasema kwa moyo wangu wote, glaida haina thamani ya pafu la mtu.

Baada ya klia iache wiki nzima kabla ya kung'arisha kwa msasa wa 2000 na dawa ya kusugulia. Stika za plastiki nisingezipigia klia juu. Nyingine zinajikunja thina ikizigusa, jaribu kwanza kwenye kipande. Safisha bawaba, hakikisha usukani na eleveta vinacheza huru, pima tena kila kipande, utafute kitovu cha uzito upya kutoka mwanzo, maana namba za zamani hazifai tena. Ukifika kwenye praima weka picha ya ungio, tena ya karibu, nikuambie kama pametosha.