Matairi manne yako sawa, mbona taa ya upepo haizimi?

SWALI: Nina Land Cruiser 200 (V8) iliyotokea Dubai. Taa ya njano ya upepo wa matairi imewaka kwenye dashibodi na haizimi. Nimepima matairi yote manne asubuhi, kila moja lina psi 33 kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema. Fundi ananishauri ninunue sensa (vipima-upepo vya ndani ya matairi) nne mpya. Ninunue? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Usinunue kitu kwanza, ndugu yangu. Umepima matairi manne, lakini gari lako linapima matano. Land Cruiser 200 zenye mfumo huu huwa na sensa hata kwenye tairi la spea, lile lililoning'inia chini ya gari kwa nyuma, na taa ya dashibodi haikuambii ni tairi lipi lina shida. Spea ikipungua upepo, taa inawaka vilevile kana kwamba ni tairi la mbele.

Ila kabla ya kuingia uvunguni, washa swichi na uitazame taa kwa dakika moja na nusu. Ikiwaka moja kwa moja bila kupepesa, mfumo ni mzima na unakuambia kuna tairi lenye upepo mdogo. Ikipepesa kwa dakika moja hivi ndipo itulie, hapo mfumo wenyewe una hitilafu: kuna sensa iliyokufa, haipo, au haijasajiliwa kwenye kompyuta ya gari. Kwa maelezo yako taa imewaka tu, kwa hiyo naanza na spea.

Tairi zima kabisa, lisilo na pancha, hupoteza takriban psi 1 kila mwezi. Manne ya chini unayajaza kila ukipita kituo cha mafuta. Spea haiguswi na mtu. Mifumo mingi huwasha taa upepo ukipungua kwa karibu robo (sheria ya Marekani imeweka asilimia 25), na robo ya 33 ni kama psi 8. Maana yake spea iliyojazwa sawasawa Januari inaweza kuwasha taa kufikia Septemba bila kuwa na tundu lolote. Baridi nayo huchangia. Joto likishuka nyuzi 10 za Selsiasi, upepo hushuka karibu psi 2, ndiyo maana taa nyingi huanza kuwaka alfajiri. Matairi yanayozunguka hupata moto barabarani na upepo wake hupanda, lakini spea haizunguki, kwa hiyo taa inabaki.

Egesha mahali tambarare, vuta hendibreki. Toa fimbo za jeki, ziunganishe, zipitishe kwenye tundu la nyuma juu ya bampa hadi zishike skrubu ya winchi inayobeba spea, kisha zungusha kinyume cha saa. Spea itashuka na mnyororo wake. Usilale chini yake inaposhuka, hasa kama mnyororo una kutu. Pima kwa geji unayoiamini. Ukikuta 22 au 24, umeshapata jibu lako.

Jaza hadi 33. Ukipenda ongeza psi 3 au 4 za akiba ili ikae muda mrefu, mradi usivuke kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, na siku ukiifunga upunguze. Kisha endesha gari dakika 10 hadi 20, kwa sababu sensa hazitumi taarifa kila sekunde. Taa itazima yenyewe. Kitufe cha SET kisibonyezwe ili kuzima taa! Kazi yake ni kuuambia mfumo kwamba upepo uliopo sasa ndio kipimo sahihi. Ukikibonyeza spea ikiwa na 22, umeifundisha gari makosa. Kama kuna sababu ya kukitumia, weka kwanza matairi yote matano 33, yakiwa ya baridi.

Unapopandisha spea, hakikisha sahani ya mnyororo imekaa katikati ya rimu. Kaza, kisha itikise kwa mikono miwili. Ikicheza, ishushe uanze upya.

Taa ikirudi baada ya wiki moja, kuna uvujaji. Paka povu la sabuni kwenye valvu na kuzunguka nati inayoibana. Valvu za sensa nyingi ni za aluminiamu, na kwa magari yanayokaa pwani chumvi huzila hadi zinaota unga mweupe. Kifuniko cha chuma hugandia humo, na ukikilazimisha valvu inakatika pamoja na sensa. Tumia vifuniko vya plastiki. Nati hiyo kwenye Toyota hukazwa kwa Nm 4 tu, nguvu ya vidole viwili kwenye spana ndogo. Mafundi wengi huizidishia.

Jambo jingine linalowachanganya wengi ni pancha. Ukifunga spea na kulitupa tairi lenye pancha nyuma ya gari, sensa yake bado inatuma taarifa ya upepo sifuri. Taa itaendelea kuwaka hadi lizibwe na kujazwa. Mwambie fundi wa tairi mapema kwamba kuna sensa ndani, nyuma ya valvu, asiingize chuma upande huo. Na asikuwekee tyubu, kwa sababu kuweka tyubu ni kung'oa valvu na sensa yake, na hapo taa itaanza kupepesa.

Ikiwa taa yako inapepesa, sensa ndizo za kushukiwa. Betri yake imefungiwa ndani, haibadilishwi, na hudumu kati ya miaka 5 na 10. Hata hivyo usinunue nne kwa kukisia. Mwenye mashine ya kusomea gari asome namba za sensa zote tano aone ipi iko kimya. Inayonunuliwa iwe ya masafa ya redio yaleyale yaliyoandikwa kwenye ya zamani, 315 MHz au 433 MHz, na namba yake iandikwe kwenye kompyuta ya gari. Bila kusajiliwa, sensa mpya ni sawa na hakuna.

Usizoee kuiona taa hiyo ikiwaka. Ikishawashwa na spea, haina namna nyingine ya kukujulisha kwamba tairi la nyuma linaisha upepo ukiwa kasi ya 100.

Kwa wenye magari madogo yenye spea nyembamba: hiyo kwa kawaida haina sensa, kwa hiyo hakuna taa itakayokukumbusha. Hujazwa psi 60, si 33, na mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa. Ipime kila mwezi pamoja na mengine.