Fundi Anajibu: Gasketi nyembamba itaipa Spacio nguvu ya mlima wa Newala?

SWALI: Shikamoo mjomba fundi. Mimi nipo Masasi, nina Spacio old model injini ya 4A-FE, nabeba abiria kwenda Newala. Tukianza kupanda ule mlima nikiwa nimejaza, gari inazubaa mpaka inashuka gia ya kwanza. Fundi wa hapa anasema tufungue hedi (kile kifuniko cha juu cha injini) tutoe gasketi iliyo chini yake ya mm 1.2 tuweke ya mm 0.7 ili kompresheni ipande. Hedi ilishachemka na kuchongwa uso wake wa chini kabla sijainunua hii gari. Nimruhusu?

JIBU: Marahaba mjomba. Usifungue kwanza.

Kuna vitu viwili hapo watu wanavichanganya, na mimi nilivichanganya miaka mingi. Kuna ule uwiano wa kiwandani, yaani hewa ya silinda inabanwa mara ngapi pistoni ikifika juu, kwa 4A-FE ni 9.5 kwa 1, halafu kuna mgandamizo (kompresheni) unaoupima kwa geji kwenye tundu la plagi. Gasketi inabadilisha ule uwiano. Lakini kama ringi za pistoni zimelika au vali haikai sawa, hewa inavuja tu, hata uweke gasketi nyembamba kama karatasi.

Kwahiyo mwambie apime huo mgandamizo. Injini ikiwa na moto atoe plagi zote nne, azime umeme wa plagi na wa nozeli za petroli, wewe kanyaga mafuta mpaka chini, yeye apige stata na aandike namba ya kila silinda. Ile iliyo chini aimwagie kijiko kimoja cha oili kwa tundu la plagi halafu apime tena. Sindano ikiruka juu, ringi ndo zinavuja, oili imeziba kwa muda. Ikibaki palepale basi ni vali au gasketi, na kama silinda mbili zilizo jirani zote ziko chini hapo mara nyingi gasketi imeungua katikati yao. Ni kazi ya nusu saa na inaweza kukuokoa kufungua hedi bure.

Sasa tuseme ziko sawa zote. Hesabu ni hivi: pistoni ya 4A-FE ina upana wa mm 81 na inatembea mm 77, silinda moja ni kama cc 397, na juu yake inabaki nafasi ya cc 46.7 hivi. Ukipunguza mm 0.5 ya gasketi umeondoa cc 2.6 tu, uwiano unatoka 9.5 unafika karibu 10. Nguvu utakayopata ni kama asilimia 2, mjomba, na watu wanne ndani hutaisikia kwenye mlima ule.

Na hedi yako imeshachongwa, yaani ile nafasi ilishapungua na hujui kwa kiasi gani, pengine uko 9.8 saa hizi bila kujua. Ukiongeza na gasketi nyembamba, joto la Masasi, mzigo, mwendo wa polepole, petroli itaanza kujiwasha yenyewe kabla ya wakati, utasikia mlio kama kokoto kwenye kopo. Niliwahi kufanya hivyohivyo kwa gari ya mteja, sikupima hedi, baada ya miezi pistoni mbili zilikuwa zimeliwa pembeni kama zimetafunwa na panya. Nililipa mimi na inaniuma mpaka leo.

Akisisitiza kufungua, mwambie aweke vipande vya waya wa lehemu juu ya pistoni, afunge hedi kwa gasketi ya zamani na bolti kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), azungushe kranki kwa mkono taratibu, afungue apime waya uliobanwa. Nafasi ya mm 1 ni nzuri. Chini ya 0.8 ni hatari, pistoni ikiwa na masizi na injini ikizunguka sana itagusa hedi. Na unene unaoandikwa kwenye pakiti ni ule wa gasketi ikishabanwa, usipime mpya iliyolegea. Kwa hedi iliyochongwa mimi ningetafuta nene kidogo, isiwe nyembamba.

Kabla ya hayo yote angalia filta ya hewa, taiming (wakati plagi inapowasha), oili ya gia boksi, na kama breki zinashika zenyewe bila kukanyagwa. Gari nyingi zinazozubaa mlimani nimezikuta na hivyo.

SWALI: Nipo Lindi, Hiace ya dizeli injini 3L. Dukani gasketi zina vijino pembeni, moja ina kimoja nyingine viwili, nichukue ipi?

JIBU: Vijino ni alama ya unene. Kwenye dizeli hauchagui ili upate nguvu, 3L tayari ni zaidi ya 22 kwa 1. Fundi apime kwa geji ya saa jinsi kila pistoni inavyochomoza juu ya bloku, achukue ile inayochomoza zaidi, alinganishe na kitabu cha injini ndo achague. Kama pistoni na bloku hazijaguswa, nunua yenye vijino sawasawa na ile uliyotoa, nenda nayo dukani mkononi.