Hesabuni vijiti, si mizunguko

Mhariri, wiki hii mmeuliza shule ipangeje mbio ndefu za hisani bila kuumiza wanafunzi wala kupoteza ahadi za wachangiaji. Kwa maoni yangu, wakimbie kwa kupokezana kijiti, na zamu ya kila mmoja iwe fupi.

Shule nyingi hazina uwanja wa riadha, ila wa mpira upo. Ukiwa na mita 105 kwa 68, kuuzunguka ni mita 346. Mizunguko mitatu inapita kilomita moja kidogo. Hiyo ndiyo zamu. Wekeni tairi kuukuu kila pembe na mkimbiaji apite nje yake, la sivyo wakishachoka wote watakata kona na kilomita mtakazotangaza zitakuwa za uongo.

Kikosi cha watu 10, wakienda dakika 7 kwa kilomita, kitapiga zamu 49 hivi kwa saa sita. Hizo ni zaidi ya kilomita 50, marathoni na chenji, na kila mtoto amekimbia kama 5 tu, akipumzika zaidi ya saa nzima kila baada ya zamu. Anayetaka kubeba zamu za wenzake ili aonekane shujaa akatazwe. Kwa miji ya joto kama Dar es Salaam au Tanga, igawanyeni siku: saa 12 asubuhi hadi saa 3, kisha saa 9 alasiri hadi saa 12 jioni.

Kuhesabu ndiko kunakoharibika kwanza. Mhesabuji akigeuka kuongea, mzunguko mmoja umepotea na ubishi umeanza. Kwa hiyo andikeni makabidhiano ya kijiti tu, pamoja na jina na saa, halafu zidisheni kwa tatu. Wahesabuji wawe wawili mezani, kila mmoja na karatasi yake, wabadilishwe kila saa. Mwenye ugonjwa wa seli mundu asikimbie. Meza hii ya kuhesabu inamfaa, na kusema kweli ina kazi kuliko uwanja. Mwenye pumu aruhusiwe na daktari, na dawa yake ya kuvuta iwe mezani, si bwenini.

Maji wanywe kwa kiu. Kulazimisha chupa baada ya chupa hushusha chumvi ya damu, na hilo ni hatari kama kiu yenyewe. Kwa wanaotoka jasho jingi, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Anayeyumba au kujibu ovyo kwenye joto hasubiriwi apumzike: kivulini, mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea huku gari la hospitali likiitwa. Na viatu vipya siku hiyo ni malengelenge; aliyezoea pekupeku aachwe, mradi uwanja umefagiliwa miiba na vioo.

Sasa fedha. Ahadi ya shilingi 500 kwa mzunguko inatamkwa kirahisi, lakini zamu 49 za kikosi ni mizunguko 147, yaani shilingi 73,500, na hapo simu haipokelewi. Fomu iwe na nafasi ya kikomo: “100 kwa mzunguko, isizidi 10,000.” Malipo yaende kwenye akaunti ya shule, si simu ya mwalimu, risiti itolewe, na ufuatiliaji uanze kesho yake asubuhi, kabla ya mwisho wa mwezi kumeza mshahara wa watu.