Ampu ninazozikubali, na kwa nini ile kubwa niliiuza

Kwa miaka mingi nilikuwa nikibadili magita kila sauti yangu iliponichosha. Nikabadili pikapu (zile sumaku zinazonasa mtikisiko wa nyuzi), nikabadili nyuzi, nikaongeza pedali (visanduku vya kubadili sauti vinavyokanyagwa kwa mguu) mpaka ubao wake ukawa mzito kuliko gita lenyewe. Sauti ikabaki ile ile, juu inakwaruza na chini ni matope. Siku moja mpiga rithimu wetu alikuja mazoezini na ampu yake, yaani kikuza sauti chake, akachomeka gita la kawaida kabisa na kupiga kodi moja tu ya E. Nikanyamaza. Kumbe muda wote nilikuwa natibu mguu, jino ndilo linauma.

Gita la umeme peke yake halina sauti ya maana. Pikapu zinatoa umeme mdogo mno, na safari yote kutoka hapo hadi sikioni inasimamiwa na ampu pamoja na spika yake. Wengi tunadhani kazi ya ampu ni kukuza tu, kama ilivyo kwa spika za matangazo, ila ampu ya gita inapunguza hapa, inavimbisha pale, na ikizidiwa sauti yake inaanza kupasuka, yaani kukwaruza. Fundi mitambo akisikia sauti inapasuka atakukemea. Sisi wapiga gita huko kupasuka ndiko tunakokutafuta, mradi kuje taratibu na kwa wakati wake.

Ampu yangu ya kwanza kwa mapenzi ni Fender Deluxe Reverb. Ina wati 22, valvu (taa za kioo za kukuza umeme) mbili za 6V6 upande wa kusukuma spika, na spika moja ya inchi 12. Ni ya familia ile ya paneli nyeusi iliyotoka kuanzia mwaka 1963. Nobu ya sauti ikiwa kwenye 3, noti zinatoka safi na za mviringo, kila uzi unausikia peke yake hata ukipiga kodi ya nyuzi tano. Ukifika 5 au 6, ampu inaanza kukujibu kulingana na mkono: gusa kidogo inabaki safi, kandamiza inakwaruza. Hapo sihitaji pedali. Nikitaka kusafisha ninapunguza sauti kwenye gita lenyewe, nikitaka solo ninaifungua tena. Ilinichukua muda kuzoea, maana nilizoea kukanyaga swichi.

Ina mambo mawili ya kujua. La kwanza, haina nobu ya sauti za kati, ina besi na trebo tu, na saketi ya Fender kwa asili yake inachimba shimo pale katikati. Ukiwa peke yako chumbani hilo shimo linapendeza sana. Bendi ikiingia, gita linatumbukia humo humo. Dawa yangu ni kushusha besi hadi 3 au hata 2, kisha kupandisha sauti. Mpiga besi yupo, muachie kazi yake. La pili, mwangwi wake unatoka kwenye springi za kweli zilizomo ndani ya kisanduku chini ya ampu. Ukiisukuma kwa bahati mbaya inanguruma kama radi, na usiku wa kwanza ilinishtua mimi pamoja na wasikilizaji. Halafu ile chaneli iliyoandikwa vibrato haifanyi vibrato (kuyumbisha noti) hata kidogo, inapandisha na kushusha ukubwa wa sauti, na hiyo ni tremolo. Leo Fender, mwanzilishi wa kampuni, aliyageuza majina hayo: mkono wa gita lake la Stratocaster unaobadilisha noti aliuita tremolo, na tremolo ya ampu akaiita vibrato. Wapiga gita bado wanabishana kwa sababu yake.

Sasa hapa ndipo nililipa ada ya ujinga. Kabla ya Deluxe niliwahi kuwa na ampu ya wati 100, jina lake naliacha kwa sababu ampu haikuwa na kosa. Niliwaza hivi: wati 100 ni karibu mara tano ya wati 22, kwa hiyo itakuwa na sauti mara tano. Sivyo sikio linavyohesabu. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, tofauti unayoisikia lakini haikutikisi. Ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu, unahitaji wati mara kumi hivi. Chukua Twin Reverb ya zamani, ndugu mkubwa wa Deluxe, yenye wati 85, valvu nne za 6L6 na spika mbili za inchi 12. Kwa hesabu ya wati peke yake haimzidi mdogo wake hata kwa desibeli 6. Kinachoongezeka zaidi ni uwanja wa sauti safi kabla ya kupasuka, pamoja na uzito, maana Twin ina karibu kilo 29, na mgongo haujui habari za desibeli.

Kwa hiyo ampu yangu kubwa haikuwahi kuvuka 2. Ukumbi wowote nilioingia, mtu alinijia na kiganja akinionyesha nishushe. Nilikuwa na gari la mbio, nimekwama gia ya kwanza kila siku. Tangu hapo swali langu la kwanza kwa anayeniomba ushauri ni: utapiga wapi, na nobu itafika ngapi? Kwa chumbani, wati 1 hadi 5 za valvu zinatosha na zinabaki. Kwa bendi yenye mpiga ngoma wa kawaida, 15 hadi 22. Zaidi ya hapo uwe na sababu, kwa mfano unataka sauti safi tupu penye kelele nyingi, na hakuna maikrofoni ya kuiweka mbele ya ampu.

Vox AC30 ni hadithi nyingine. Iliundwa Uingereza na Dick Denney akiwa na kampuni ya Tom Jennings. Ilianza AC15 mwaka 1958, kisha bendi kama The Shadows zikahitaji nguvu zaidi, ikazaliwa AC30 yenye valvu nne za EL84. Brian May wa Queen na The Edge wa U2 wameishikilia miaka yote hiyo. Sauti yake naisikia kama kengele ndogo iliyofungwa kwenye kila uzi. Fender inakupa nafasi, Vox inasogea mbele na kukukaribia. Kodi zilizo wazi zinang'aa, na ikianza kupasuka inapasuka juu kwanza, kama karatasi ngumu inayochanwa.

Mimi ninatumia ile ndogo, AC15, kwa sababu nilizokwisha kueleza. Tahadhari moja: nobu iliyoandikwa Cut inafanya kazi kinyume. Ukiiongeza, trebo inapungua. Nilipiga shoo mbili nzima nikilalamika ampu inakwaruza masikio, na kila nilipolalamika nilikuwa naishusha zaidi.

Marshall inanifurahisha kwa asili yake. Jim Marshall alikuwa mpiga ngoma mwenye duka la ngoma London. Wapiga gita waliokuwa wakija dukani walitaka ampu za aina ya Fender Bassman, zilizokuwa ghali na adimu kwao, basi mwaka 1962 yeye na mafundi wake wakaichukua saketi ya Bassman na kutengeneza ya kwao, JTM45. Kwenye karatasi karibu ni kitu kimoja. Lakini Bassman ilikuwa na spika nne za inchi 10 kwenye kasha lililo wazi nyuma, na Marshall wakaweka spika nne za inchi 12 za Celestion kwenye kasha lililofungwa. Hewa haina pa kutokea nyuma, basi sauti ya chini inakusukuma kifuani. Baadaye wakahamia kwenye valvu za EL34, na ule mkwaruzo wa sauti za kati tunaoujua wote ukazidi kujitokeza. Huu ni mfano ninaoupenda nikimweleza mtu kwamba spika na kasha si vyombo vya kubebea sauti tu. Kama ampu yako inakuudhi kidogo, badili spika kabla hujaiuza. Mimi niliwahi kuondoa spika moja kali na kuweka ya Celestion ya aina ya Greenback, na ampu ikatulia kama mtoto aliyeshiba.

Ubaya wa zile Marshall za wati 100 ni kwamba utamu wake uko pale panapowafukuza majirani. Ndiyo maana nafurahi siku hizi kuna Marshall SV20, ya wati 20 inayoweza kushushwa hadi 5. Bado ina kelele, usidanganyike na hiyo 5.

Kwa wapigaji wa muziki wa metali kali kuna Mesa Boogie Dual Rectifier, na kuna Peavey 5150 iliyotoka mwaka 1992 kwa kushirikiana na mpiga gita Eddie Van Halen. Nimezisikia, nimeziheshimu, lakini si mtaa wangu.

Mtaani kwangu yupo mgeni asiye na valvu hata moja: Roland JC-120, Jazz Chorus, ya mwaka 1975. Ni transista tupu, spika mbili za inchi 12, na kila spika ina ampu yake ya wati 60. Ukiwasha korasi, spika moja inatoa sauti kavu na nyingine inatoa sauti inayopanda na kushuka kidogo, kisha zinachanganyika hewani mbele yako. Hakuna pedali moja kwenye spika moja itakayokupa upana huo. Sauti yake ni safi mno, na ndiyo raha na ndiyo adhabu. Noti uliyoigusa vibaya itasikika vibaya, haina kichaka cha kujificha. Nilijirekodi nikipitia JC-120 na nikarudi kufanya mazoezi ya mkono wa kulia kwa miezi miwili. Nobu yake ya distoshoni (mkwaruzo) naiacha kwenye sifuri. Anayepiga noti nyingi za haraka za solo safi, mimi namwambia aanze na hii kabla hajasikiliza wanaoabudu valvu.

Na hizi za kidijitali? Zimenishinda kuzichukia. Fender walitoa Tone Master Deluxe Reverb mwaka 2019, ina uzito wa takribani nusu ya ile ya valvu, na nikiwa ndani ya bendi siwezi kuapa nitazitofautisha. Vifaa kama Kemper, kilichotoka mwaka 2011, vinanasa tabia ya ampu halisi na kuibeba. Ila fahamu kwamba sauti inayonaswa mara nyingi ni ya ampu ikiwa mbele ya maikrofoni, si ampu iliyo nyuma ya miguu yako. Mpigaji akiniambia kifaa chake hakina uhai, kwa kawaida anakosa ile hewa ya spika kwenye suruali, na hiyo haipo kwenye hedifoni ya aina yoyote.

Kuhusu miguu: usiweke ampu chini kisha ukasimama hatua moja mbele yake. Spika ya inchi 12 inapeleka trebo yake mbele moja kwa moja, kama tochi. Vifundo vyako vya miguu vinasikia trebo yote na wewe husikii kitu, basi unaongeza, na waliokaa mbele wanaumia. Iinue juu ya kiti au iinamishe ikutazame usoni. Pia usipange sauti ukiwa umeishusha usiku chumbani ukatarajia ibaki hivyo jukwaani. Sikio kwenye sauti ndogo linapoteza besi na trebo, kwa hiyo unayajaza kwa nobu, na ukifungua jukwaani yanarudi yote kwa wingi.

La mwisho kabla sijasahau, lile lililonikausha mate. Niliazimwa kichwa cha valvu, yaani ampu isiyo na spika ndani yake, nikaunganisha na kasha la spika kwa waya wa gita, kwa sababu tundu lilikuwa linalingana. Nusu saa baadaye sauti ikafifia, harufu ikaja, kimya. Nikampelekea fundi.

“Kijana wangu, huku kwa spika ulichomeka waya gani?”

“Wa kawaida tu, fundi.”

Hakuongea tena. Akaniwekea transfoma iliyoungua mezani niitazame. Waya wa gita ni mwembamba kwa umeme wa spika, na ampu ya valvu ikikosa spika, au ikaunganishwa na spika ya omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) zisizolingana, inaweza kujichoma. Hakikisha 8 inakutana na 8, 16 na 16. Na ukiona imeharibika usiifungue mwenyewe hata kama umeichomoa ukutani: kapasita zake, vile vihifadhi umeme vya ndani, zinaweza kushikilia volti mamia kwa muda, na hazijui kwamba wewe ni mwanafunzi.

Ukienda kujaribu ampu, nenda na gita lako. Weka nobu zote katikati, zima mwangwi, acha pedali. Piga polepole, kisha panda hadi ukubwa wa sauti utakaopigia kweli na ukae hapo dakika kumi, maana dakika ya kwanza kila ampu ni nzuri. Halafu mpe mwenzako gita, wewe nenda kasimame mlangoni.

Ile ya wati 100 niliiuza kwa jamaa anayepiga viwanja vya wazi, na kule inapumua. Juzi alipita mazoezini kwetu, akaichungulia Deluxe, akauliza kama nayo iko sokoni. Nikamwambia akae, tupige kwanza.